Kusaidia kituo cha wanyama Arusha au Moshi bila kuchukua mnyama nyumbani

Umepanga chumba kimoja Ngarenaro na mwenye nyumba ameshasema hataki mbwa uani. Au una mtoto anayebanwa na pumu kila paka akiingia ndani. Au kazi yako ni ya kutembeza watalii, wiki mbili uko porini, wiki moja uko nyumbani. Zote hizo ni sababu halali za kutochukua mnyama, na mtu akijijua hivyo anafanya vizuri kuliko yule anayemchukua mtoto wa mbwa Desemba na kumrudisha kituoni Machi. Kazi za kufanya zipo nyingi, na nyingine kituo kinazihitaji kuliko kinavyohitaji mtu wa kumchukua mbwa mmoja.

Kipimo cha msaada mzuri ni hiki: je, unampunguzia kazi yule anayeamka saa 11 alfajiri kuwapikia mbwa ugali, au unamwongezea? Furushi la nguo kuukuu zenye zipu na vifungo lazima mtu akae alichambue, kwa sababu mtoto wa mbwa akimeza kifungo utumbo unaziba. Kwa hiyo piga simu kwanza. Uliza wiki hii wamepungukiwa na nini, kitu hicho kinatumika kiasi gani kwa wiki, na kama stoo ina nafasi. Mkoani Arusha kuna mashirika ya kuhudumia wanyama kama ASPA na Mbwa wa Africa. Kama ulipo hukijui kituo chochote, muulize afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo aliye karibu nawe. Wao ndio hupigiwa simu kila mbwa anapogongwa barabarani.

Chakula

Hapa ndipo pesa nyingi za kituo zinapokwenda, na ndipo watu wema wanapokosea zaidi.

Mbwa wetu wa kawaida ana kilo 15 hivi. Kwa siku anatosheka na gramu 200 za unga wa dona na gramu 75 za dagaa wakavu. Mbwa 20 basi wanakula kilo 4 za unga na kilo moja na nusu ya dagaa, yaani kiroba cha kilo 25 hakimalizi wiki. Ukitaka kuahidi kitu, ahidi kwa hesabu hiyo. Kiroba kimoja kila mwezi, tarehe ileile, kinamsaidia msimamizi kupanga. Viroba kumi vya Krismasi huliwa na panya na wadudu kabla ya Februari, na ikifika Juni hakuna aliyeleta hata sado moja.

Usilete pumba tupu. Ni rahisi kununua na zinajaza sufuria, lakini mbwa hawezi kuzisaga tumboni kama ng'ombe. Sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia. Utaona kinyesi kingi na mbavu zinahesabika.

Usilete pia mahindi yaliyoota ukungu kwa kusema "haya ni ya mbwa tu". Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, humwua mbwa. Ini lake halihimili hata kiasi ambacho wanyama wengine wangekistahimili, na kupika hakuiondoi. Mahindi ambayo usingempa mwanao kwa sababu ya ukungu, yachome au yafukie.

Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku ni wa bei ndogo kwa sababu wameanikwa chini na wamejaa mchanga. Wanafaa, ila waoshwe hivi: loweka kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, koroga kwa mkono, kisha chota dagaa kutoka juu bila kumwaga ndoo, ili mchanga ubaki chini. Rudia mara ya pili. Ukiinamisha ndoo na kumimina, mchanga wote unarudi kwenye sufuria, na mchanga ukijikusanya tumboni mbwa anafunga choo.

Kama umejitolea kupika, vipimo vya mbwa 20 ni maji lita 12, dagaa waliooshwa, na kilo 4 za dona. Chemsha dagaa dakika 10, punguza moto, mimina unga kidogo kidogo huku unakoroga, halafu uache uive taratibu dakika 20. Karoti na mchicha unaweza kuweka. Chumvi, kitunguu na pilipili usiweke. Kitunguu huharibu damu ya mbwa na ya paka. Kosa la kawaida ni kugawa mapema. Ugali juu umepoa, ndani bado unachoma. Utandaze kwenye sinia pana, uvunje mabonge, na usigawe mpaka uweze kuingiza kidole katikati bila kukitoa haraka.

Watu wa machinjioni wanaweza kuokoa sana kwa mapupu na utumbo. Sharti ni moja: vichemshwe nusu saa au zaidi. Mapupu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe mara nyingine huwa na vifuko vyenye maji kama malengelenge. Ndani yake kuna minyoo tegu, na mbwa akila vibichi anaanza kutoa mayai ya minyoo hiyo kwenye kinyesi, na watu, hasa watoto wanaocheza hapo, ndio wanaopata vifuko kwenye ini na mapafu. Ukiona pafu lenye malengelenge, lichome moto kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo ibaki jikoni kwako, maana inavunjika na kuwa kama sindano.

Na jambo linalosahaulika: mkaa, kuni au gesi. Kituo kinaweza kuwa na viroba sita vya dona na kisiwe na cha kuupikia.

Vitu vya stoo

Vinavyoisha haraka ni jiki, sabuni ya unga, mifagio migumu, magwanda, gambuti na glavu. Baridi ya Juni na Julai inaua watoto wa mbwa wengi, na sakafu ya saruji ndiyo inayowamaliza. Magunia ya katani yaliyobebea kahawa ni matandiko bora: yanafulika na yanakauka upesi. Mablanketi ya mitumba yanafaa pia. Mito na magodoro ya sponji hayafai. Yanatafunwa na kumezwa.

Maranda ya mbao ni mazuri kama kiwanda kinaranda mbao ghafi. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, maranda yake yana sumu. Uliza kabla ya kujaza gunia.

Dawa zilizobaki nyumbani usizipeleke bila kumwonyesha daktari wa mifugo. Kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumwua paka. Dawa za kuogeshea mifugo ambazo lebo yake ina neno linaloishia na "methrin" humtetemesha paka mpaka afe, hata kama mbwa wa jirani aliogeshwa na akapona kupe. Na zile dawa za kusafishia ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini zisitumike banda la paka.

Kazi ya mikono

Kujitolea Jumamosi moja kila wiki mbili, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, kwa miezi sita, kunashinda kuja kila siku kwa wiki moja na kupotea. Mbwa wanakuzoea, na mhudumu anajua siku gani anaweza kwenda kumwona mwanawe shuleni.

Kabla ya kugusa mnyama, pata chanjo ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi 2 za kinga, ya pili siku 7 baada ya ya kwanza. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulishachanjwa. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya mitishamba. Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili, hauna tiba.

Usafi una utaratibu wake. Anza na watoto wasiougua, fuata wakubwa wazima, maliza na wagonjwa. Ukienda kinyume unabeba virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, kwenye gambuti na kuvipeleka kwa watoto wenye wiki sita. Virusi hivyo hudumu ardhini miezi mingi, na sabuni peke yake haviisikii. Zoa kinyesi kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo umwage jiki: nusu lita kwenye ndoo ya maji ya lita 10. Iache dakika 10, suuza tena. Jiki ikimwagwa juu ya uchafu inaishia kwenye uchafu, na ikikutana na mkojo mwingi inatoa hewa inayochoma macho, kwa hiyo hatua ya kuosha kwanza usiiruke.

Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na katika madhehebu ya Shafi chombo alichorambia mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Hilo liheshimiwe bila mjadala. Kwa asiyegusa mbwa, paka na punda wapo, na punda wa kubeba maji na mchanga wanakuja na vidonda vya kamba mgongoni ambavyo lazima vioshwe kila siku. Kuna hesabu za kuandika, gari la kuendesha, bango la kuchora.

Fundi ana thamani kubwa kuliko anavyodhani. Seremala na mchomeleaji waulize hasa kuhusu milango: banda linahitaji milango miwili inayofuatana, ili mbwa akichomoka wa kwanza akutane na wa pili. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Wavu wa banda la watoto uwe na matundu madogo, maana mtoto wa mbwa anapitisha kichwa mahali ambapo hawezi kukirudisha.

Mwenye simu nzuri apige picha. Toa mnyama nje asubuhi, chuchumaa ulingane na macho yake, na mbwa mweusi usimpige mbele ya ukuta wenye giza. Picha ya mbwa nyuma ya nondo inamfanya aonekane mkali, na hakuna anayepiga simu kumwulizia.

Kulea kwa muda

Hii ni ya mwenye nafasi kwa wiki chache. Watoto waliokosa mama huhitaji joto kabla ya chakula: mtoto wa baridi hawezi kumeng'enya maziwa. Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie taulo, muweke karibu nayo. Maziwa ya ng'ombe peke yake yanawaharisha; tumia maziwa atakayokupa daktari, kila saa 3 kwa wiki mbili za mwanzo, usiku pia. Mnyweshe akiwa amelala kifudifudi. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa yanaingia mapafuni. Baada ya kunywa, msugue sehemu za haja kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kwani bado hawezi kujisaidia mwenyewe. Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Siku asiyoongezeka uzito ndiyo siku ya kupiga simu, usisubiri alegee.

Kama mbwa alikufa kwa parvo uani kwako ndani ya mwaka mmoja uliopita, chukua paka au usichukue kabisa.

Pesa

Tuma kwenye lipa namba au akaunti yenye jina la kituo, na jina litakalotokea kwenye simu ulisome kabla ya kuweka namba ya siri. Watu 10 wa kikoba kimoja wakitoa 5,000 kila mwezi wanapata 50,000. Njia nyingine nzuri ni kwenda duka la dawa za mifugo na kulipa sehemu ya deni la kituo. Omba risiti, iwasilishe kituoni ili hesabu zao zikae sawa.

Siku ya chanjo na siku ya kuhasi

Ili kichaa cha mbwa kisimame, angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni taarifa. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wiki mbili kabla, omba tangazo lisomwe kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa, na siku yenyewe leta kamba za akiba, kwa sababu watoto watafika na mbwa watatu na kamba moja. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na kampeni nyingi hupangwa karibu na hapo.

Mwenye gari asaidie siku ya kuhasi. Mbwa mkubwa asile tangu jioni. Maji anaweza kunywa mpaka asubuhi. Paka msafirishe kwenye tenga la kuku lililofungwa kwa kamba pande zote mbili, ufunike kwa kanga. Boksi la karatasi likilowa mkojo linafumuka, na paka atakupotea Kilombero sokoni.

Baada ya upasuaji mnyama anatakiwa alale sehemu kavu na tulivu, bila kuogeshwa, siku 10 hadi 14 mpaka nyuzi zitolewe. Akilamba kidonda nyuzi zinakatika na tumbo linafunguka. Kumzuia, mvishe ndoo shingoni: chukua ya plastiki ya lita 5, kata kitako chake, lainisha ukingo kwa kitambaa na gundi ya karatasi, toboa matundu manne, pitisha kamba na uifunge kwenye mkanda wa shingo. Mdomo wa ndoo upite pua yake kwa sentimita 3 hivi. Ukiwa mfupi atalifikia jeraha, ukiwa mrefu hataweza kula. Akishatolewa nyuzi, ioshe kwa jiki na uirudishe kituoni, maana kuna mwingine anayeisubiri.