Nafasi ya uzamivu: anzia kwenye ruzuku, si kwenye matangazo

Wengi wanaotafuta nafasi ya uzamivu katika sayansi za tiba na viumbe hai hukaa wakisubiri tangazo. Wewe fuata fedha kwanza. Fungua hifadhidata za miradi ya utafiti iliyofadhiliwa: NIH RePORTER (ya Taasisi za Taifa za Afya, NIH, Marekani), CORDIS (Umoja wa Ulaya) au Gateway to Research (Uingereza), zote ni bure. Andika mada yako, mfano usugu wa dawa za malaria, kisha chuja miradi iliyoanza karibuni. Mtafiti mkuu aliyepata ruzuku juzi mara nyingi ana fungu la kumlipa mwanafunzi na huenda bado hajatangaza nafasi. Mwandikie barua pepe fupi ukitaja sehemu ya mradi unayoiweza. Muhtasari uko palepale, ni uvivu tu kutousoma. Angalia tarehe ya mwisho pia: ruzuku ya R01, aina ya ruzuku ya utafiti ya NIH, hudumu hadi miaka 5, iliyobakiza mmoja haikufai. Mbinu hugonga mwamba kwenye programu nyingi za Marekani, ambako kamati ndiyo hudahili na mwanafunzi huzungukia maabara kadhaa kabla ya kuchagua. Na fedha za T32, ruzuku ya NIH ya kufundisha watafiti, ni za raia na wakazi wa kudumu wa huko pekee.