Kabla mtoto hajaacha shule kwa ajili ya mchezo, fuata shilingi

Juzi mzee mmoja wa mtaani kwetu Oli, hapa Arua, alinisimamisha nikitoka sokoni. Kijana wake anacheza wudiboli chuoni, ule mchezo wa kugonga mpira wa mbao kwa nyundo, ana medali tatu, na sasa anataka kuacha masomo afanye mazoezi asubuhi na jioni. "Mwalimu, huu mchezo utamlisha?" Nilimwomba tukae kwenye benchi la fundi cherehani, nikatoa daftari. Nimefundisha wasichana mpira wa pete miaka 14, na swali hilo nimeulizwa na wazazi wengi. Namna ninavyolijibu ni hii.

Usianze na kipaji cha mtoto. Kipaji unakiona tayari, na ndicho kinachokufumba macho. Anza na pesa ya zawadi: ilitoka mfukoni mwa nani?

Mimi nilifunguliwa macho na mpwa wangu, hodari wa puli, ule mchezo wa meza na fimbo. Usiku mmoja alishinda mashindano ya baa, asubuhi akaniletea bahasha yenye shilingi 200,000. Nikamuuliza mlikuwa wangapi. Ishirini. Kuingia mlilipa ngapi? 20,000 kila mtu. Tukapiga hesabu pamoja: wachezaji walichanga 400,000, nusu akapewa yeye, iliyobaki wakagawana wa pili, wa tatu na mwenye meza. Hakuna shilingi iliyotoka nje. Huo ni upatu, nikamwambia mimi shangazi yake: leo unapokea, kesho unatoa. Kwa hiyo andika mashindano matano ya mwisho ya mwanao, na mbele ya kila moja andika aliyeleta pesa. Kama ni wachezaji peke yao, mtoto acheze kwa raha yake, na ada ya chuo ilipwe kwanza.

Ukimpata mlipaji wa nje, tafuta yeye anafaidika na nini. Wazazi wengi hudhani mchezo unalipa kwa sababu ni mgumu. Lakini angalia omweso, bao letu la Uganda: nimewaona wazee wakisogeza kete kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata, vichwani wanahesabu zamu kadhaa mbele, na malipo yao ni heshima ya kijiweni. Sasa angalia vishale vya kurushwa ubaoni, Waingereza huviita darts. Navyo huchezwa baa kama puli, mtu kasimama mahali pamoja. Tarehe 3 Januari 2025, jijini London, kijana wa miaka 17, Luke Littler, alitwaa ubingwa wa dunia na pauni 500,000. Bingwa wa kwanza wa mashindano hayo, mwaka 1994, alipata 16,000.

Vishale ni vilevile. Kilichokuja ni mtazamaji. Televisheni ilikuwa imeupa mchezo mgongo, ndipo mwaka 1992 wachezaji wakubwa 16 wakaungana chini ya chama chao wenyewe, na wakajipeleka kwenye televisheni ya kulipia. Na mchezo wenyewe unakaa vizuri kwenye kioo: ubao ni mdogo, kamera moja inashika uso wa mchezaji, nyingine inashika kishale kinapochoma, na hesabu inashuka kutoka 501 hadi sifuri. Unachezwa ndani, mvua haiukatizi, na mashindano makubwa huangukia Krismasi, watu wakiwa nyumbani. Kampuni za kubeti nazo hupenda mchezo unaotoa matokeo kila baada ya dakika chache.

Jipimie hivi. Mwite jirani ambaye hajawahi kuuona mchezo wa mwanao, mwonyeshe video kwenye simu kwa dakika kumi, umuulize nani anaongoza. Mzee alimjaribu fundi cherehani palepale. Fundi aliona vijana wakitembea kwenye nyasi, wakigonga mpira wa mbao kwa nyundo yenye umbo la chupa. Nani anaongoza, hakuweza kusema. Mchezo huo ulibuniwa Taiwan mwaka 1990 na ni mzuri kuucheza, lakini kuutazama ni jambo jingine.

Mtazamaji si lazima awe Mganda. Hapa Arua wanaofuatilia kriketi ni wachache, lakini mwaka 2024 timu yetu ilicheza Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi ya mechi fupi, kwa mara ya kwanza, ikaishinda Papua New Guinea, na hata timu zilizomaliza mkiani zilitengewa dola 225,000 kila moja. Pesa kubwa ya kriketi inatokana na mamilioni wanaoitazama India.

Kisha acha kumtazama bingwa, umtazame wa ishirini. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Joshua Cheptegei wetu alishinda mita 10,000, na shirikisho la riadha la dunia liliwapa washindi wa dhahabu dola 50,000 kila mmoja. Peruth Chemutai alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, lakini katika pesa hizo za shirikisho, medali za fedha na shaba hazikutengewa kitu. Wa ishirini je? Kapchorwa, huko milimani wanakotoka wakimbiaji wetu, kuna vijana wengi sana wanaoamka gizani kukimbia, na wengi wao hawatafika hata hapo.

Ndiyo maana nawaambia wazazi watafute mshahara uliojificha nyuma ya mchezo. Mpira wa pete hauko Olimpiki, na hilo linaniuma kila baada ya miaka minne, maana wasichana wetu walimaliza wa tano duniani Cape Town mwaka 2023. Bado una milango miwili. Mmoja ni ligi za nje: Peace Proscovia, binti wa hapa kwetu Arua, alikwenda Loughborough Lightning ya Uingereza mwaka 2015, baadaye akacheza Australia. Mlango huo ni mwembamba. Wa pili ni mpana zaidi: Magereza wana timu, polisi na jeshi nao huajiri wanamichezo. Cheptegei mwenyewe ni polisi, na Stephen Kiprotich, dhahabu yetu ya marathoni London 2012, ni askari magereza. Wasichana wangu wawili wamepita humo. Mmoja goti lilimharibikia, na mshahara wake unaendelea kuingia. Lakini wakati wa kuajiriwa huangalia vyeti pia.

Kuna pia kufundisha. Mzazi wa Kampala hulipa mtoto wake ajue kuogelea au tenisi, na kocha anakula hata kama hakuwahi kuwa bingwa.

Mzee aliondoka na karatasi yake. Jana jioni kijana mwenyewe alinipigia simu, akauliza kama Magereza wana timu ya wudiboli. Nikamwambia aende akaulize langoni, na asiende kabla hajamaliza chuo.