NEMA ikikaa kimya: namna ya kupeleka malalamiko NECC

Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, NECC, ilianzishwa na sheria ya usimamizi wa mazingira, EMCA, ya mwaka 1999, na zamani iliitwa Kamati ya Malalamiko ya Umma. Nguvu yake ni kwamba inaweza kumchunguza yeyote nchini Kenya, hata NEMA yenyewe, yaani mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira. NECC haifungi kiwanda. Kazi yake ni kuchunguza na kumpelekea Waziri ripoti yenye mapendekezo, na tangu marekebisho ya 2015 inaweza pia kufungua kesi kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo uzito wa malalamiko uko kwenye faili utakayowapa.

Anzia NEMA ya kaunti. Peleka barua nakala mbili, yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba walijua.

Tuseme kiwanda kinamwaga taka mtoni. Weka daftari: tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, na kama mvua ilinyesha. Mvua ni muhimu, kwa sababu kiwanda kitadai ni udongo wa mafuriko tu. Wengi hupiga picha ya povu, lakini povu halisemi limetoka wapi. Piga tatu: upande wa juu wa mto kabla ya bomba, maji yakiwa bado safi, kwenye mdomo wa bomba, na upande wa chini baada ya bomba. Kila picha ionyeshe kitu kisichohama, kama daraja au nguzo ya stima.

Maji uliyochota kwa chupa ya soda hayatakusaidia. Wakili atauliza chupa ilikuwa na nini na ilipitia mikono ya nani. Omba kwa maandishi mkaguzi wa mazingira achukue sampuli mwenyewe, na umtajie saa bomba linapofunguliwa. Taka zikimwagwa usiku naye akaja saa nne asubuhi, atakuta pakavu.

Barua ya NECC iwe ukurasa mmoja: nani, wapi, tangu lini, madhara gani, NEMA ilijibu nini. Usiogope kwamba shamba si lako. Hata mahakamani, Kifungu cha 70 cha Katiba hakidai uthibitishe umeumia wewe binafsi.

Ila kama unapinga leseni ya mradi iliyotolewa na NEMA, njia ni Mahakama Maalum ya Mazingira, NET, na una siku 60 za kukata rufaa. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao: wanangoja jibu la kamati huku siku zinakwisha.