Jinsi ya Kutengeneza Tovuti ya Kutetea Wanyama wa Kahuzi-Biega

Kabla ya kupanga rangi au kuchagua jina la tovuti, amua mnyama utakayeanza naye. Kwa sisi wa Bukavu, ninaamini anayestahili nafasi ya kwanza ni gorila wa Grauer, kwa kuwa haishi kokote duniani ila mashariki mwa nchi yetu ya Kongo (DRC), na wakazi wengi wa mji hawajawahi kumwona ingawa lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega pale Tshivanga haliko mbali.

Kila takwimu iandikwe pamoja na mwaka wake. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba walikuwa wamebaki gorila 3,800. Mwaka 2021 makadirio mapya yalifikia 6,800, si kwa sababu walizaliana kwa kasi hiyo, bali kwa sababu utafiti ulifika katika misitu mingi zaidi. Anayeiona idadi ya pili peke yake atadhani hatari imekwisha, ilhali mnyama huyu bado yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na Kahuzi-Biega yenyewe imo katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1997.

Sababu zieleze kwa namna ambayo msomaji atajiona ndani yake. Mtego wa waya uliotegewa swala hunasa mkono wa gorila mchanga; machimbo ya koltani na dhahabu huleta msituni watu wanaotafuta nyama; na miti inayochomwa makaa huishia kwenye majiko yetu ya Kadutu na Bagira. Hata hivyo, usiwafanye majirani wa hifadhi kuwa maadui. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, waliondolewa humo miaka ya 1970 bila fidia, na tovuti inayolinyamazia jambo hilo haitaaminiwa Kabare wala Kalehe, maeneo yanayopakana na hifadhi.

Picha ndizo zinazohitaji uangalifu kuliko yote. Simu huweza kuhifadhi ndani ya picha alama za mahali ilipopigwa, nazo zinaweza kumwongoza jangili hadi kwenye kundi. Kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuingia msituni, na kabla ya kupandisha picha fungua taarifa zake uhakikishe kwamba latitudo na longitudo hazimo. Usitaje kilima wala kijito ambako mnyama alionekana. Vilevile usiweke picha ya mtu aliyempakata mtoto wa sokwe, hata akiwa mhudumu wa kituo cha Lwiro, kinachotunza sokwe waliookolewa, anayemlea, kwani wapo watakaotamani kumfuga nyumbani.

Ufundi wenyewe ni mwepesi. Kurasa za HTML zisizo na hifadhidata zinatosha, na GitHub, huduma ya mtandaoni, huzihifadhi bure. Msomaji wako amenunua mega chache, hivyo picha moja isizidi kilobaiti 100. Andika Kiswahili kwanza, kisha Kifaransa. Ukimpata msomaji mzuri wa Kimashi, lugha ya hapa kwetu, mrekodi kwa ajili ya wazee.

Ukurasa mmoja ueleze la kufanya mtu akiuziwa mtoto wa sokwe au gorila. Asimnunue hata kwa huruma, kwa sababu fedha hiyo humlipa jangili aliyemuua mama, naye atarudi msituni kutafuta mwingine. Atoe habari kwa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Namba ya simu iombe kwao wenyewe, uiweke juu kabisa ya ukurasa huo, na uipige kila baada ya miezi michache kuhakikisha kwamba bado inapokelewa.