SOMO: Kusoma faili la ZIP kwa Python bila kulitawanya kwenye diski

Wakuu, swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na majibu yake yametawanyika, mengine yakipingana. Naliandika mara moja kwa mpangilio ili anayekuja kesho aelekezwe hapa.

Tunatumia `zipfile`, maktaba inayokuja na Python yenyewe. Hakuna cha kusakinisha. Wengi hukimbilia `extractall()`, wanajaza folda, wanasoma faili moja tu kati ya yote, na mengine yanabaki yakila nafasi. Kwa kazi nyingi huhitaji kufanya hivyo. Faili lililo ndani ya ZIP linasomeka humo humo lilimo.

Hatua ya 1. `import zipfile`

Hatua ya 2. Hakikisha ni ZIP kweli.

```
print(zipfile.is_zipfile('data.zip'))
print(open('data.zip', 'rb').read(4))
```

ZIP ya kawaida huanza na `b'PK\x03\x04'`. Hizo PK ni herufi za Phil Katz, ambaye yeye na kampuni yake PKWARE walitoa muundo huu mwaka 1989. Ukikuta `b'<!DO'`, ulichopakua ni ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwa jina la .zip, aghalabu ukurasa wa kuingia au wa kosa. Rudi ukapakue upya.

Hatua ya 3. Fungua, kisha soma orodha kabla ya kitu kingine chochote.

```
with zipfile.ZipFile('data.zip') as z:
    for i in z.infolist():
        print(i.filename, i.file_size, i.is_dir())
```

Usiongeze `'w'` hapo. `'w'` inaanza faili jipya, na lililokuwepo linafutika papo hapo bila kuulizwa. Kuongeza ni `'a'`. Kusoma hakuhitaji kuandika chochote.

Majina ya ndani hutumia mkwaju wa mbele (/) hata kwenye Windows, na herufi kubwa na ndogo zinatofautiana. Nakili jina kama lilivyotokea kwenye orodha. Usilikisie.

Hatua ya 4. Soma yaliyomo. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

`z.open()` hurudisha baiti, si maandishi. `open()` ya kawaida ya Python inakupa maandishi, kwa hiyo watu hudhani hii nayo ni vivyo hivyo, wanaipeleka moja kwa moja kwa `csv` (maktaba ya Python ya kusoma majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi), na wanapata kosa linaloanza na `iterator should return strings, not bytes`. Ukijaribu kuandika `'rt'` itakataa, maana `zipfile` haina hali ya maandishi. Baiti unazifunika mwenyewe kwa `TextIOWrapper`:

```
import csv, io, zipfile

with zipfile.ZipFile('data.zip') as z:
    with z.open('ripoti/mauzo.csv') as baiti:
        maandishi = io.TextIOWrapper(
            baiti, encoding='utf-8-sig', newline='')
        for mstari in csv.DictReader(maandishi):
            print(mstari['bidhaa'])
```

Kila neno kwenye ile `TextIOWrapper` lina kazi yake. Usipotaja `encoding`, Python inaweza kufuata mpangilio wa kompyuta husika, na msimbo uliokwenda vizuri kwenye Linux unatoa herufi za ajabu kwenye Windows. Nimeweka `utf-8-sig` badala ya `utf-8` kwa sababu Excel ikihifadhi CSV ya UTF-8 hutanguliza alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili. Alama hiyo hujibandika kwenye jina la safu ya kwanza. Unapata `KeyError: 'bidhaa'`, unachapisha vichwa vya safu, unaona `bidhaa` ipo pale pale, na unaanza kudhani Python imeharibika. Kumbe jina halisi ni `'\ufeffbidhaa'`. Faili lisipokuwa na alama hiyo, `utf-8-sig` hailidhuru. Hiyo `newline=''` inailinda `csv` pale thamani inapokuwa na mistari miwili ndani ya alama za nukuu.

TAHADHARI: kitanzi cha kusoma kikae NDANI ya `with`. Ukikitoa nje utaambiwa faili limefungwa, na ni kweli limefungwa. Na kama faili la ndani ni kubwa, usitumie `z.read()`, maana inalipakia lote kwenye RAM. `open()` inasoma kidogo kidogo.

Hatua ya 5. Ukilazimika kutoa kwenye diski, toa unachohitaji tu: `z.extract('ripoti/mauzo.csv', 'muda')`. Kama ZIP imetoka kwa mtu usiyemjua, jumlisha `file_size` zote kwanza. Lipo faili maarufu liitwalo 42.zip, lenye kilobaiti 42 tu. Ukifungua tabaka zake zote unafikia petabaiti 4.5.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nimefuata yote ila imegoma. Msaada tafadhali.

Jibu: Imegoma vipi? Bandika mistari ya mwisho ya kosa.

Swali: Inasema `has no attribute 'ZipFile'`.

Jibu: Faili lako umeliita zipfile.py. Python inaliita hilo badala ya maktaba. Libadilishe jina.

Swali: Mimi napata `There is no item named 'mauzo.csv' in the archive`, na jina nimeliandika sawa kabisa.

Jibu: Hatua ya 3, aya ya mwisho. Orodha yako inasemaje?

Swali: Samahani, nimeona. Limo ndani ya folda.

Jibu: Basi andika na jina la folda.

Swali: Napitia mafaili yote yanayoishia na .csv. Mengi yanasomeka, ila napata `UnicodeDecodeError` kwenye faili ambalo sikumbuki kuliweka. Jina lake linaanza na `__MACOSX/._`.

Jibu: Umefanya vyema kuangalia jina. ZIP hiyo imetengenezwa kwenye Mac. Mfumo wake huongeza folda ya `__MACOSX` yenye taarifa za ziada za kila faili, na vifaili hivyo hubeba kiishio kile kile cha .csv ingawa si CSV. Viruke:

```
if i.is_dir() or i.filename.startswith('__MACOSX/'):
    continue
```

Swali: Nina ZIP ya gigabaiti nyingi na orodha yake inatokea mara moja. Ya tar.gz yenye ukubwa kama huo inachukua muda mrefu. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri sana. ZIP ni kama kitabu chenye yaliyomo kwenye kurasa za mwisho: orodha kuu iko mwishoni mwa faili, ikionyesha kila faili linaanzia wapi. `zipfile` inaruka hadi huko na kuisoma orodha tu. Tena kila faili limebanwa peke yake, kwa hiyo unaweza kuchukua la mwisho bila kugusa mengine. Faili la tar.gz ni kazi ya programu mbili: tar inaunganisha mafaili kuwa moja, kisha gzip inalibana. Tar ilibuniwa kwa ajili ya mikanda ya sumaku, ambayo husomwa kwa mfuatano. Haina orodha kuu, na maelezo ya kila faili yanakaa kabla ya faili lenyewe. Gzip nayo inaubana mkanda wote kwa pamoja, hivyo kujua kilichomo ni lazima ubanue kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ndiyo maana pia ZIP iliyokatika wakati wa kupakua haifunguki hata kama asilimia 95 imefika. Sehemu iliyokosekana ndiyo yenye orodha.

Swali: Kwa hiyo tar niiepuke?

Jibu: Hapana, tumia `tarfile`, lakini usimamie usalama. `zipfile` huondoa `..` kwenye majina wakati wa kutoa mafaili. `tarfile` kwa miaka mingi haikufanya hivyo, na tar yenye nia mbaya iliweza kuandika nje ya folda uliyoitaja. Andika `t.extractall('muda', filter='data')`. Python 3.14 inafanya hivyo yenyewe, ila andika tu, msimbo wako huenda ukaendeshwa kwenye toleo la zamani.

Swali: Na yenye nenosiri?

Jibu: `z.open(jina, pwd=b'siri')`. Hiyo `b` ni lazima. Inafungua usimbaji wa zamani tu, tena polepole. Iliyofungwa kwa AES (usimbaji mpya na imara zaidi) haitafunguka hapo hata nenosiri likiwa sahihi, sakinisha `pyzipper`.

Mwanachama mwingine: Naongezea. Kuona orodha bila kuandika msimbo: `python -m zipfile -l data.zip`. Na inafanya kazi kwenye .docx, maana nayo ni ZIP.

Jibu: Asante sana, hilo nililiacha. .xlsx, .epub, .jar na .apk pia ni ZIP.

Swali: Kumbe! Basi naweza kutoa picha zote zilizomo kwenye .docx?

Jibu: Ndiyo, na zinatoka kama zilivyohifadhiwa humo, bila kupunguzwa ubora. Zinakaa `word/media/`:

```
with zipfile.ZipFile('barua.docx') as z:
    for jina in z.namelist():
        if jina.startswith('word/media/'):
            z.extract(jina, 'picha')
```