Unakaa karibu na bandari ya makinikia? Anza na paa, halafu viatu

Makinikia, yaani madini yaliyosagwa na kuchujwa ila bado hayajayeyushwa, wengi tuliyasikia 2017, pale makontena 277 yalipozuiliwa bandari ya Dar, na stori yote ilikuwa dhahabu imo kiasi gani. Mi nataka tuongelee vumbi. Esperance, mji wa bandari Australia Magharibi, walianza 2005 kupakia melini makinikia ya risasi (lead, metali yenye sumu) yaliyosagwa laini, ilipofika Desemba 2006 ndege wakaanza kufa kwa maelfu, wakapimwa, risasi, halafu wakapima watoto na matenki ya maji ya mvua majumbani, nako imo. Upakiaji ukasimamishwa Machi 2007. Watu walikuwa wanakunywa yale maji jamani.

So kama kwenu upepo unatokea upande wa konveya (mkanda wa kupakia mzigo) au rundo la mzigo, usisubiri ndege.

Maji ya mvua kwanza. Kuchemsha hakusaidii kabisa, risasi sio kijidudu, maji yanapungua, risasi inabaki. Cha kufanya ni kutenga maji ya mwanzo yanayoosha bati. Kabla gata halijaingia kwenye simtanki funga T (kiungio cha bomba chenye njia tatu), shusha bomba la PVC la inchi 4 lililozibwa chini, mvua ikianza maji machafu yanajaza hilo bomba, likijaa ndo mengine yanapita kwenda tenkini. Bati la mita za mraba 50 tenga kama lita 25, na mita 3 za bomba hilo zinabeba karibu lita 24, kwa hiyo mita 3 na kidogo inatosha. Kizibo cha chini kiwe cha kufungua, na kila mvua ikikatika nenda kamwage, maana usipomwaga mvua inayofuata uchafu wote unapita juu kwa juu. Koki ya kuchotea iwe juu kidogo ya kitako cha tenki, vumbi hili zito linatulia chini na tope. Na bado maji ya kunywa na ya uji wa mtoto chukua kwingine mpaka maabara wapime, na uwaambie kabisa wapime risasi, kipimo cha vijidudu hakiioni.

Ndani acha fagio kavu, linarusha vumbi mtoto analivuta, futa na kitambaa kibichi kisha piga deki. Kizingiti cha dirisha ndo pabaya zaidi, mtoto anashika pale halafu kidole mdomoni.

Baba au kaka anayefanya kazi gatini avue buti na ovaroli nje. Shemeji yangu alikuwa anambeba mwanae akiwa na ovaroli ya kazini, mtoto kalaza shavu pale pale begani penye vumbi, roho iliniuma. Zile nguo zifuliwe beseni lake, zisichanganywe na za watoto.

Mtoto mpeleke apimwe damu hata kama anacheza vizuri, wengi hawaonyeshi dalili yoyote. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo kitafutwe na kiondolewe, ila hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dagaa, maziwa na mchicha visikosekane, mwili wenye kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha unafyonza risasi kidogo. Dawa za "kusafisha damu" za mtaani usimpe, hiyo kazi ya daktari.

Chaza na kome wa kwenye nguzo za gati waacheni, wanachuja maji yale yale siku nzima na madini yanabaki kwenye nyama yao, na kuwapika hakutoi.