Kutafuta nasaba ya ukoo: baba wa nyumba na baba wa damu

Baba yangu alizaliwa mwaka 1924. Babu ninayehesabiwa kwake alichukuliwa upagazi wa Kariokor, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafia kusini, kwenye nchi ya Wajerumani ambayo leo ni Tanzania. Vita vile vilikwisha 1918. Nilipoiona miaka hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja nilifunga daftari, na kwa miezi sikumwambia mtu, nikidhani nimefukua aibu ya nyumbani. Shangazi yangu kule Seme alinitua mzigo kwa neno moja: *tero*.

Kwa desturi hiyo ya Wajaluo, mume akifa ndugu yake humsimamia mjane, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwake, boma ni lake. Kumbe babu yangu alikuwa babu yangu kweli, na mdogo wake pia alikuwa babu yangu. Ndiyo maana nataka tujifunze kutafuta kwa namna isiyomfuta yeyote kati yao.

Hatua ya 1: Wazee, na jinsi ya kuwauliza. Usiulize "baba yake ni nani?" Baba mdogo na baba mkubwa wote ni baba, na mzee atakujibu kweli tupu huku wewe ukipotea. Uliza: alizaliwa nyumba ya nani? Ya Mikayi, mke mkubwa, ya Nyachira, wa pili, au ya Reru, wa tatu? Mama yake alitoka wapi? Nani alisimama na mama huyo baada ya msiba? Nenda asubuhi, peke yako, na ukubali kurudi mara ya pili. Mambo mazito hayasemwi mbele ya watu wengi.

Hatua ya 2: Majina. Kwetu jina la ukoo halikurithiwa kama leo. Otieno mwana wa Ochieng' anaweza kumzaa Okoth, na wote watatu walipewa jina kwa saa au hali ya hewa ya siku waliyozaliwa: usiku, jua, mvua. Kwa hiyo kufanana kwa majina si ushahidi wa udugu. Lakini jina lina habari zake. Okello hufuata mapacha, basi watafute Opiyo na Odongo hata kama walifariki wachanga na hawatajwi. Kwa Wabukusu, Wafula ni wa mvua na Wekesa ni wa mavuno. Na bibi anayekumbukwa kama *nyar* Ugenya (binti wa Ugenya) tu, jina lake limepotea ila kwao hakujapotea. Anzia huko.

Hatua ya 3: Karatasi. Daftari za ubatizo ndizo tajiri kuliko zote. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu 1903, Wakwekeri wakafika Kaimosi 1902. Daftari za Kikatoliki za zamani ziliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo Yohana wako mtafute kwenye Joannes. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi. Kumbuka pia kwamba Kisumu ilikuwa chini ya Uganda hadi 1902. Na ukiona kitambulisho cha mzee kinasema 1 Januari, hayo ni makisio ya karani.

Hatua ya 4: Kuandika. Kila mtu mpe mistari miwili: baba wa nyumba, baba wa damu. Wa pili ukiwa haujulikani, uache wazi. Andika pia nani alikuambia, na siku gani.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwalimu, niko Nakuru. Babu alifanya kazi kwenye shamba la mzungu, na jina la kwenye kipande si lile la nyumbani. Nishike lipi?*

Yote mawili, dada. Kipande, kile kitambulisho cha enzi za ukoloni, kilianza kutumika kama mwaka 1920, nacho kilibeba alama za vidole, kabila na waajiri. Jina liliandikwa jinsi karani alivyolisikia. Linganisha mahali alikotoka kabla ya kulinganisha jina.

*Wazee wa Bungoma wanasema babu ni wa rika la Maina. Huo ni mwaka gani?*

Rika peke yake halitoshi, kaka. Marika ya Wabukusu ni manane na huzunguka, jina hilohilo likirudi baada ya karibu miaka mia. Uliza jina la kundi lake dogo, lile la mwaka aliotahiriwa. Hutahiri mwaka shufwa, Agosti, kwa hiyo ukipata tukio moja la wakati ule umekaribia sana.

*Tulipima DNA. Baba na ndugu yake wa tumbo moja wana asilimia 37 tu. Je, bibi alitoka nje?*

Taratibu, ndugu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki karibu asilimia 50, wa mama mmoja tu karibu 25. Mama mmoja na baba wawili walio ndugu kamili huleta 37.5. Kipimo chako kinaelekea kuonyesha *tero* ileile. Muulize mzee kabla hujamhukumu marehemu.

*Nimegundua ukoo wetu ulikuja hapa kama jodak. Nisome hayo kwenye mazishi mwezi ujao?*

Hapana, tafadhali. Jadak (wingi wake jodak) ni mkaribishwa kwenye ardhi ya wenyeji, na neno hilo likitamkwa kaburini watu husikia habari za shamba. Wapelekee kwanza wazee wawili wa ukoo wenu, na usilitume kwenye kundi la WhatsApp la familia kabla hawajakujibu.